Bwana Ernst May na Kilima cha Naguru

Kila mtu wa Kampala anakijua kilima cha Naguru. Lakini nikiwauliza wenzangu ni nani aliyechora ramani ya kukifanya kilima kile kuwa sehemu ya mji, wengi hunyamaza. Basi napenda kuwasimulia maisha ya Bwana Ernst May, Mjerumani aliyekuwa fundi wa kuchora majumba na miji. Kabla ya kufika kwetu alikuwa amekwisha wapatia maelfu ya wafanya kazi wa Ulaya nyumba zenye bustani za mboga. Habari zake ni fundisho kwetu, kwa mema aliyoyatenda na kwa yale yaliyopungua.

Alizaliwa Frankfurt tarehe 27 Julai 1886. Alipokuwa kijana alikwenda Uingereza, na tangu 1910 mpaka 1912 alifanya kazi kwa Raymond Unwin, mpangaji wa miji mashuhuri. Unwin alifundisha kwamba nyumba zisizidi 12 katika eka moja, ili kila jamaa wapate jua, hewa safi na mahali pa kupanda.

Kisha vilikuja Vita Vikuu vya 1914. Katika baridi ya 1916 na 1917 watu wa miji ya Ujerumani walishikwa na njaa, wakala mizizi waliyozoea kuwapa ng'ombe. Ndipo wengi walipotambua kwamba mtu wa mjini asiye na kipande cha udongo yu mashakani siku chakula kisipofika sokoni. Mtunza bustani mmoja, Leberecht Migge, alitoa kitabu kidogo mwaka 1918 akifundisha kila jamaa kujilisha kwa mikono yao wenyewe. Alitaka takataka za jikoni na hata za chooni zisitupwe, bali zigeuzwe mbolea zirudi katika matuta.

Mwaka 1925 May alipewa kazi kubwa ya kusimamia ujenzi wa mji wa Frankfurt, naye akamwita Migge amsaidie. Kwa muda wa miaka mitano zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000. Mtaa uliosifiwa kuliko yote ni Römerstadt, wenye nyumba kama 1,200 kando ya bonde la mto Nidda. Kila nyumba ndogo ilikuwa na bustani nyuma yake, na waliokaa ghorofani walipewa vijishamba vyao chini bondeni. Bibi Margarete Schütte-Lihotzky naye alichora jiko dogo lenye kila kitu karibu na mkono wa mpishi, likawa maarufu duniani. Mimi nionavyo, jambo kubwa hapa ni kwamba bustani haikuwa pambo wala sadaka. Ilitiwa katika ramani tangu mwanzo, kama vile mlango na dirisha.

Mwaka 1930 May alikwenda Urusi na wenzake kuchora miji mipya ya viwanda. Kazi ile haikumfurahisha, na ilipokwisha mwaka 1933 hakuweza kurudi kwao, kwa sababu Hitler alikuwa amekwisha shika serikali. Hivyo mwaka 1934 alihamia Tanganyika, akanunua shamba karibu na Arusha. Aliyewachorea wengine bustani sasa akawa mkulima mwenyewe, akiitazama mvua kama jirani zake. Mwaka 1937 alirudia kazi yake ya kuchora majumba, huko Nairobi. Vita vya pili vilipoanza, Waingereza walimshika kwa kuwa ni Mjerumani, ingawa aliwakimbia hao hao waliokuwa adui zao. Akawekwa kambini Afrika Kusini tangu 1940 mpaka 1942.

Mwaka 1945 Serikali ya Uganda ilimwita achore ramani ya kupanua Kampala kuelekea Kololo na Naguru, na taarifa yake ilitolewa mwaka 1947. Hakupiga mistari iliyonyooka kama ya daftari la hesabu. Alizungusha barabara kufuata mwinuko wa vilima, na mabonde akayaacha ya kijani. Yeye pia ndiye aliyechora Jumba la Makumbusho lililopo Kitante, ambalo lilifunguliwa mwaka 1954.

Lakini hapa lazima niseme kweli. Ramani ile ilitenga watu kwa rangi zao: Wazungu mahali pao, Wahindi pao, na Waafrika Naguru. Yale mabonde mazuri ya kijani yalikuwa pia mipaka. Tena May aliwaona Waafrika kama watu wa kufunzwa maisha ya mjini hatua kwa hatua. Sisi tuna methali kwamba mgeni akikaa siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Mfanya kazi wa Naguru alikaa miaka, akalipa kodi ya nyumba, wala ardhi haikuwa yake. Ramani ilitimizwa kwa sehemu tu. Nyumba za kupangisha zilijengwa Naguru na Nakawa, na watoto wakakulia humo, mpaka mwaka 2011 wakaaji walipoondolewa na nyumba zikabomolewa ili ujengwe mji mpya. Migomba na miti ya matunda iliyokuwa nyuma ya nyumba haichukuliki kwa mkokoteni.

May aliondoka Afrika mwishoni mwa 1953, akarudi Ujerumani kujenga miji iliyovunjwa na vita. Alikufa Hamburg tarehe 11 Septemba 1970, mwenye umri wa miaka 84.

Je, tujifunze nini? Kwa miaka mingi sheria za Kampala zilibana kilimo cha mjini, lakini watu hawakuacha kupanda magimbi na viazi vitamu. Mwaka 2006 sheria ndogo mpya ziliwakubali, kwa masharti ya kibali. Leo nikipita mitaani naona mboga katika magunia na matairi ya zamani. Gunia ni jambo rahisi: utie udongo na samadi, katikati usimamishe nguzo ya mawe madogo ili maji yafike chini, kisha utoboe matundu ubavuni na kupandikiza sukuma wiki. Maganda ya matoke yakioza yawe mbolea. Ila usipande kando ya mfereji wa maji machafu wala barabara yenye magari mengi, maana sumu hupanda mpaka kwenye majani.

Gunia hilo huhamishika, na labda ndiyo sababu watu wamelipenda. Lakini mwembe hauoti katika gunia. Ninyi mtakaokuwa wapimaji, wanasheria na madiwani, siku mtakapokaa mezani na ramani ya mtaa mpya, wekeni bustani tangu mwanzo, kama alivyofanya May huko Frankfurt. Kisha fanyeni lile ambalo Naguru haikufanyiwa: mwandikieni mkulima haki ya kubaki mpaka mti wake uzae.