Jacques Brandenberger, baba wa selofani

Kila siku mama anafunga chakula ya baba anayeshuka shimoni, na tunasahau kama hewa njo adui ya chakula. Jacques Brandenberger alitupatia silaha ya kupigana nayo, na hakuwa anaitafuta.

Alizaliwa Zürich, Uswisi, mwaka 1872, akasomea kemia. Alifanya kazi Ufaransa, mu kiwanda cha nguo kule Thaon. Tunasimuliwa kama siku moja mu restora aliona mtu anamwaga vinyo kwenye kitambaa cha meza. Akatafuta namna kitambaa kisilowe. Akakipaka viskozi, maji mazito yanayotengenezwa na miti. Kitambaa kikakauka, kikawa kigumu, hakikufaa tena. Lakini ile ngozi ya juu ilibanduka, nyembamba, inaangaza kama kioo. Wengine wangeitupa. Yeye aliihangaikia miaka, mpaka kufika 1912 mashini yake ilikuwa inaitoa bila kukatika. Akaiita selofani.

Ikiwa kavu, selofani inazuia oksijeni na mafuta, lakini mvuke wa maji unapita. Ile kasoro ilitengenezwa Marekani mwaka 1927, kwa kuipaka vernishi. Brandenberger alikufa 1954.

Leo wenye elimu wanatengeneza plastiki ya wanga, kama ule wa muhogo wetu. Nayo ikiwa kavu inazuia oksijeni, ikilowa inashindwa. Vita ni ileile. Basi, kazi ikiharibika, tusikimbilie kutupa. Tuangalie kwanza kile kilichobaki mkononi.