Jina la Kijapani juu ya mabati ya Huruma

Ukiwa hapa Huruma, Eldoret, toka nje uangalie juu ya paa. Ile antena ya TV yenye vijiti vya alumini vilivyopangwa kama mifupa ya samaki ina mwenyewe. Na kama wifi yako inaishia sebuleni, huyo jamaa anakuhusu.

Ni Hidetsugu Yagi, aliyezaliwa Osaka, Japani, mwaka wa 1886. Alisomea uhandisi wa umeme, akazunguka Ujerumani, Uingereza na Marekani kuongeza maarifa, kisha akarudi kufundisha chuo kikuu mjini Sendai. Huko, miaka ya 1920, yeye na mwenzake mdogo Shintaro Uda walionyesha kitu cha ajabu. Ukiweka kijiti kimoja nyuma ya kile kinachorusha mawimbi, na vingine kadhaa mbele yake kwa vipimo maalum, mawimbi hayatawanyiki ovyo. Yanaelekea upande mmoja, kama tochi badala ya balbu.

Kazi kubwa ya majaribio aliifanya Uda. Lakini hataza ya Japani iliandikwa jina la Yagi pekee, na ni Yagi aliyeielezea dunia kwa Kiingereza mwaka wa 1928. Basi watu wakaizoea kama antena ya Yagi, Uda akabaki kivulini.

Cha kushangaza, jeshi la kwao halikuijali. Waingereza na Wamarekani ndio walioitia kwenye rada. Mwaka wa 1942 Wajapani walipoteka Singapore, walipata daftari la fundi wa rada wa Kiingereza lenye neno yagi, wasijue maana yake. Ikabidi wamuulize mfungwa wa vita, naye akawaambia ni jina la profesa wao wenyewe. Hebu fikiria hiyo aibu!

Yagi na Uda walifariki mwaka mmoja, 1976, kabla wifi haijakuwepo. Lakini hesabu yao bado inafanya kazi nyumbani kwako. Wimbi la wifi ya gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, kwa hivyo vijiti vyake ni vya kama sentimita 6 tu. Tafuta ruta ambayo antena yake inafunguka, ufunge ya Yagi, uielekeze kule nyuma ya ploti. Haiongezi nguvu: inachopeleka mbele imekitoa pembeni. Na ukuta wa mabati utaizuia tu, kwa hivyo itafutie njia wazi.

Una ruta nzee kabatini? Ukiitoa programu yake na kuiwekea OpenWrt, inaweza kudaka wifi ya kwanza na kuisambaza vyumba vya mbali. Hakikisha kwanza modeli yako inakubali, la sivyo utaiua.

Siku hizi mainjinia huiita antena ya Yagi-Uda. Wewe pia, ukiulizwa na majirani, taja majina yote mawili.