Knute Rockne: Karani wa Posta Aliyekuwa Kocha

Soma kifungu cha habari kifuatacho kwa makini, kisha jibu maswali yanayofuata.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yanapotangazwa, hapa Bulyaga mjini Tukuyu utawaona vijana waliokata tamaa. Mmoja anaanza kuendesha bodaboda, mwingine anakwenda kuchuma chai, na wote wanaamini kuwa mlango wa shule umefungwa. Kazi hizo si aibu. Lakini kabla hujaamini kuwa umechelewa, fuatilia maisha ya Knute Rockne.

Rockne alizaliwa tarehe 4 Machi 1888 katika mji wa Voss, nchini Norwei. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1893 familia ilihamia Chicago, Marekani, Knute akiwa na umri wa miaka mitano. Alisoma huko mpaka sekondari, lakini aliacha shule bila kupata cheti, akaajiriwa posta. Alifanya kazi hiyo kwa takriban miaka minne, huku akiweka akiba ya kujisomesha.

Mwaka 1910, akiwa na miaka 22, aliingia Chuo Kikuu cha Notre Dame katika jimbo la Indiana. Wenzake wengi darasani walikuwa wadogo kwake. Alisomea famasia, na jioni alicheza mpira wa Kimarekani. Usiuchanganye mchezo huu na kandanda. Kila timu ina wachezaji 11, lakini mpira una umbo la yai, na mara nyingi hubebwa au kurushwa kwa mikono.

Tangu mwaka 1906 sheria ziliruhusu kurusha mpira mbele, ila timu nyingi ziliendelea kutegemea nguvu za kusukumana. Likizo ya mwaka 1913, Rockne na rafiki yake Gus Dorais walikwenda kufanya vibarua Cedar Point, kando ya Ziwa Erie. Muda wa mapumziko walifanya mazoezi ya kurusha na kudaka mpira ufukweni. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, Notre Dame iliifunga timu ya chuo cha jeshi cha West Point 35 kwa 13. Hawakuwa wabunifu wa mbinu hiyo, lakini ushindi huo uliwafungua wengi macho.

Rockne alihitimu mwaka 1914 kwa alama za juu. Chuo kilimpa kazi ya kusaidia kufundisha kemia. Aliikubali kwa sharti moja: aruhusiwe pia kusaidia kufundisha timu. Hivyo alishika chaki na filimbi kwa wakati mmoja, akiwa chini ya kocha Jesse Harper. Harper alipoondoka mwaka 1918, Rockne akawa kocha mkuu. Mwaka huo ugonjwa wa mafua ulioenea duniani ulivuruga ratiba, na timu yake ilicheza michezo sita tu, ikashinda mitatu.

Mwanzo huo haukumvunja moyo. Kwa misimu 13 alishinda michezo 105, akapoteza 12 na kutoka sare mitano. Misimu mitano hakupoteza wala kutoka sare hata mchezo mmoja. Mwaka 1929 aliugua mguu vibaya, lakini aliendelea kuiongoza timu akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Baadhi ya wachezaji wake nao walikuja kuwa makocha, akiwemo Frank Leahy, ambaye baadaye aliifundisha Notre Dame yenyewe.

Tarehe 31 Machi 1931, ndege aliyopanda ilianguka katika jimbo la Kansas baada ya bawa lake la mbao kuvunjika. Watu wote wanane waliokuwemo walifariki. Rockne alikuwa na miaka 43. Ajali hiyo ilisababisha ukaguzi mkali wa ndege za mabawa ya mbao, na ikaharakisha matumizi ya ndege za chuma.

Mwanafunzi, angalia njia yake: posta, darasa, maabara, kisha uwanja. Miaka ya posta haikupotea, kwa sababu ndiyo iliyomlipia masomo. Kama matokeo yako hayakuwa mazuri, unaweza kurudia mtihani ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea huku ukifanya kazi. Jambo la msingi ni kujua unaweka akiba kwa ajili gani.

Maswali
1. Kwa nini Rockne alichelewa kuingia chuo kikuu?
2. Eleza sharti alilotoa alipopewa kazi mwaka 1914. Linaonyesha nini kuhusu tabia yake?
3. Taja matokeo mawili ya ajali iliyomuua.
4. Fupisha aya ya pili kwa maneno yasiyozidi 30.