Mohamed Amin na picha za Korem

Ukimuuliza kijana mpiga picha leo, awe wa Mombasa au wa Gakoromone kule Meru, huenda asimjue marehemu Mohamed Amin. Ni hasara.

Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na hukohuko akaanzisha Camerapix akiwa na miaka 20 hivi. Mwaka 1966 kamera ilimtia jela Zanzibar.

Lakini jina lake lilijengwa Korem, kaskazini mwa Ethiopia, Oktoba 1984. Vita na ukame vilikuwa vimewang'oa watu makwao, wakajazana uwandani wakingoja chakula. Amin aliwapiga picha taratibu, bila kuwavunjia heshima. Kwangu mimi, ufundi wake uko hapo. Filamu hiyo, aliyoitengeneza na Michael Buerk wa BBC, iliufanya ulimwengu uchange.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake John Mathai aliuawa, yeye akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini.

Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ilianguka baharini Ngazija, bahari yetu hii. Walikufa watu 125, naye akiwamo, Mungu amrehemu. Walionusurika walisimulia kuwa dakika za mwisho alikuwa amesimama, akibishana na watekaji.