William Herschel: mpiga kinanda aliyegundua sayari katika lupango ya nyumba yake

Tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 1781, kati ya saa nne na saa tano za usiku, mpiga kinanda wa kanisa moja alikuwa katika lupango nyuma ya nyumba yake, mji wa Bath, Uingereza. Darubini yake hakuinunua dukani, aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Usiku ule aliona kitu ambacho kingefanya jina lake lijulikane Ulaya nzima. Lakini habari yenyewe ilianza miaka 8 mbele ya hapo, wakati alipaswa kuchagua: darubini ya lenzi ao darubini ya kioo?

William Herschel alizaliwa Hannover, Ujerumani, tarehe 15 mwezi wa kumi na moja, 1738. Baba yake alikuwa mwanamuziki katika bendi ya jeshi, na kijana naye akaingia bendi ileile. Mwaka 1757, juu ya vita, akakimbilia Uingereza. Hakuwa na makuta, basi akaanza kunakili karatasi za muziki ili apate kula. Mwaka 1766 akapata kazi ya kinanda katika Octagon Chapel ya Bath. Mwaka 1772 akamleta dada yake mdogo, Caroline, aje kuimba na kumsaidia nyumbani.

Mwaka 1773 Herschel akanunua kitabu cha mambo ya nyota, na tangu hapo usingizi ukapungua. Alianza na darubini ya lenzi. Darubini hiyo ni bomba lenye lenzi mbele, ambayo inakusanya mwanga na kuuleta kwenye jicho. Uzuri wake, haidai matunzo mengi. Ubaya wake, lenzi moja inatawanya rangi, na nyota inaonekana imezungukwa na nyekundu na buluu. Ili kupunguza rangi hizo, bomba lilipaswa kuwa refu sana. Caroline akatengeneza mabomba ya karatasi ngumu. William akajaribu kufika urefu wa mita 9 hivi, lakini kitu cha urefu huo kilikuwa taabu tupu kukishika na kukielekeza. Ni kweli, tangu 1758 fundi Dollond wa London alikuwa anauza lenzi za kuunganishwa mbili-mbili ambazo zinaondoa sehemu kubwa ya rangi. Lakini bei ilikuwa juu, na kubwa hazikupatikana kwa urahisi.

Basi akakodi darubini ndogo ya kioo. Hii haina lenzi kubwa mbele. Mwanga unaingia, unapiga kioo kilichobonyea katikati, kiisha unarudishwa kwenye jicho. Rangi hazitawanyiki, na bomba linaweza kuwa fupi. Ilimpendeza. Alipouliza bei ya kioo kikubwa zaidi, akakuta kwamba kinapita uwezo wa mwalimu wa muziki. Kumbe mtu mmoja wa Bath alikuwa anaacha kazi hiyo ya vioo, akamuuzia vyombo vyake. Herschel akaanza kujitengenezea.

Wakati ule kioo cha darubini hakikuwa kama kile cha kujiangalia nyumbani. Kilikuwa metali tupu, shaba na bati zilizoyeyushwa pamoja, kiisha kusuguliwa mpaka kipate umbo sawasawa. Ukiacha kusugua katikati ya kazi, kinaharibika. Siku moja William alisugua kwa saa 16 bila kuondoa mikono, na Caroline akawa anamtia chakula mdomoni. Nyumba yote ikageuka kuwa karakana.

Darubini ya usiku ule wa 1781 ilikuwa na kioo cha upana wa sentimeta 16 hivi na bomba la mita 2. Herschel alikuwa anapima nyota moja moja wakati aliona moja iliyo nene kidogo. Akaongeza nguvu ya kukuza. Nyota za kweli zikabaki vitone, lakini ile ikazidi kukua. Nyuma ya siku 4 akakuta imehama. Yeye alifikiri ni kimondo chenye mkia. Wataalamu wa hesabu ndio walionyesha kwamba ni sayari, mbali na jua karibu mara mbili kuliko Zohali. Leo inaitwa Uranus. Wengine walikuwa wameiona mbele yake, wakaihesabu kuwa nyota ya kawaida.

Mwaka 1782 mfalme George III akampa paundi 200 kwa mwaka, awe mtu wa nyota tu. Zilikuwa chini ya mapato yake ya muziki, ndiyo maana akaendelea kutengeneza darubini za kuuza. Caroline naye alilipa bei yake. Alikuwa ameanza kujulikana kwa sauti yake, lakini kuhama Bath kulimaliza kazi ya kuimba.

Hamu ya kioo kikubwa haikumwacha William. Mwaka ule wa 1781, alipojaribu kimoja cha upana wa sentimeta 90 hivi chini ya nyumba, metali moto ilivuja, mawe ya sakafu yakapasuka na kuruka, watu wakakimbia. Mwaka 1789, huko Slough, akamaliza darubini ya urefu wa mita 12, yenye kioo cha mita 1.2. Mfalme alitoa paundi 4,000. Ilimsaidia kuona miezi miwili ya Zohali, lakini ilikuwa nzito, ilidai watu wa kuisogeza, na kioo kilipoteza mng'ao haraka. Mara nyingi alirudia ile ya mita 6, ambayo alitumia kuorodhesha makundi ya nyota na mawingu ya angani karibu 2,500.

Wakati ile kubwa ilikuwa ingali inajengwa, tarehe 1 mwezi wa nane 1786, William akiwa safarini Ujerumani, Caroline alichukua darubini yake ndogo ya kioo, akagundua kimondo chenye mkia. Kufika 1797 alikuwa amegundua 8. Mwaka 1787 mfalme alianza kumlipa paundi 50 kwa mwaka.

William alikufa Slough tarehe 25 mwezi wa nane, 1822. Caroline alirudi Hannover, akafa huko mwaka 1848 akiwa na miaka 97. Siku hizi vioo vya darubini vinapakwa aluminiamu na havifubai haraka kama shaba ile. Lakini mwenye kutaka kutazama nyota nyumbani bado anakutana na hesabu ya Herschel: lenzi ina kazi kidogo ya kutunza, kioo kinaleta mwanga mwingi kwa makuta machache, na darubini nzito sana inabaki ndani. Kioo cha sentimeta 15 hivi, karibu sawa na kile kilichoona Uranus, kingali kati ya vile vinavyonunuliwa sana na wanaoanza.