Senti moja iliyomlaza Viola Desmond mahabusu

TORONTO, Kanada
Noti ya dola 10 iliyotolewa mwaka 2018, ambayo hapa Toronto tunalipia chai, ina sura ya Viola Desmond.

Mama huyo alizaliwa Halifax mwaka 1914. Vyuo vya urembo vya jimbo lake, Nova Scotia, havikupokea weusi, hivyo akasomea Montreal na Marekani, akarudi kufungua saluni na chuo chake mwenyewe.

Novemba 8, 1946 gari lake liliharibika mjini New Glasgow. Akisubiri fundi, aliingia sinema ya Roseland kutazama The Dark Mirror, filamu ya mauaji yenye mapacha wawili. Aliuziwa tiketi ya ghorofani, walikokalishwa weusi. Macho yake hayakuona mbali, akakaa chini, akataka kuongeza nauli ya kiti. Wakakataa. Polisi akasaidia kumburura nje, akalala mahabusu.

Mahakamani rangi haikutajwa kabisa. Kosa eti ni kodi ya tiketi, tofauti ya senti moja! Faini dola 20, gharama dola 6. Rufaa nayo ikagonga mwamba.

Alifariki New York mwaka 1965. Nova Scotia ilimsamehe mwaka 2010 (kwa kosa lipi?), na aliyetia saini, Mayann Francis, alikuwa mwanamke mweusi.