Frank Worrell, Kapteni Aliyewaondolea Wenzake Hofu

Napenda kuwaeleza habari za Frank Worrell, mchezaji wa kriketi aliyezaliwa Barbados mwaka 1924. Timu ya West Indies ilikuwa na weusi hodari wengi, lakini ukapteni kwa desturi walipewa wazungu. Mwaka 1960 Worrell alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuiongoza katika ziara nzima, huko Australia. Kama angaliharibu, wengi wangalisema mweusi hawezi kuongoza.

Katika mechi ya Brisbane ilibaki mipira minane, na Australia walihitaji mbio 6 tu. Hall, mrushaji, akaangusha mpira ambao angaliudaka. Worrell hakufoka, alituliza watu wake. Mara Solomon akatupa mpira, ukaangusha vijiti. Mechi ikaisha sawasawa, 737 kwa 737, jambo lisilopata kutokea kabla katika mechi za mataifa.

Ziara ile walishindwa, lakini maelfu walijaa barabara za Melbourne kuwaaga. Worrell alifariki mwaka 1967, umri miaka 42.

Mimi naona mchezaji anayeogopa kukaripiwa hutetemeka mikono. Makapteni wetu, mwigeni Worrell.